Mikidadi bin Sadallah na Siku za Santuri Zake Saba

Mliokaa mkekani, na ninyi mliofika mkeka umekwisha mkasimama uani, asalaam aleikum, wakubwa wote shikamooni, na majirani zetu wa misheni mliotuzoesha desturi hii ya kumsomea mtu maisha yake hadharani, karibuni mjisikie kwenu. Nimetumwa na ukoo wa Sadallah nisome habari za ami yangu Mikidadi, tuliyemzika juzi Jumatano, mdogo wake baba yangu mzazi, Mzee Mtoro, nami nimeagizwa nisome taratibu, nitaje tarehe kamili, nisitie maneno yangu. La kusoma taratibu nitalifuata. La tarehe kamili ndilo lililonitesa siku hizi tatu, na la kutotia maneno yangu mtanisamehe, kwa sababu ndani ya habari hizi kuna kosa moja ambalo ni langu mimi Husseni, tena nililiandika kwa taipu, likaning'inizwa ukutani, na kosa hilo limekaribia kumtoa mtu katika ndoa yake.

Mtu huyo ni Bi Salme binti Majid, aliyeko chumbani hapa nyuma yangu. Tangu Jumanne mnaulizana chinichini kama marehemu ameacha mjane au ameacha mtalaka, na leo natakiwa nitamke moja kati ya hayo mawili, mbele yenu, nikiwa nimeshika karatasi.

Marehemu alizaliwa hapa Bagamoyo, mtaa wa Dunda, mtoto wa pili wa Mzee Sadallah aliyekuwa akiuza kopra, na Bi Mwaija. Tarehe, twende polepole. Kitabu chake cha ubaharia kinasema alizaliwa 1 Januari 1924, lakini mabaharia kumi na wanane walioandikishwa naye siku ile wote kitabuni wamezaliwa 1 Januari, what a coincidence, karani alichoka kuuliza akawazalisha wote siku moja. Bibi yangu Bi Mwaija, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ni Ijumaa moja ya Rajabu, mwaka 1340 wa Kiislamu, ambao kwa Kizungu unaangukia 1922, na baba yangu anasema hayo yote si kweli, kwani anakumbuka kumbeba mgongoni kabla ya hapo. Nimeandika kati ya 1922 na 1924, na afisa yeyote asiyeridhika na jibu hilo anipe kazi kwanza, maana barua ya kunipangia kazi naingoja mwaka wa pili sasa, akishanipa nitamtafutia jibu bora zaidi kwa muda wa serikali.

Alisoma chuo cha Kurani hapa hapa mjini akahitimu juzuu zote thelathini, kisha akasoma shule ya serikali mpaka darasa la nne, akaacha, wengine wanasema mwaka 1936 na wengine 1938. Herufi za Kizungu aliziandika kwa shida, kama mtu anayepanda mihogo, moja moja, lakini Kiswahili cha herufi za Kiarabu kilimtiririka mkononi, na ndicho alichoandikia kila kitu chake mpaka mwisho. Nalitaja hili mapema kwa sababu mimi mwenye degree, niliyesomeshwa Kurani kwa kukariri nikaishia hapo, sikuweza kusoma hata jina langu katika mwandiko ule, na katika siku tatu hizi nimeiona degree yangu thamani yake.

Alianza kazi ya kupima mizigo forodhani mwaka 1941 hivi, na tarehe 3 Februari 1947, hii iko kitabuni na ina muhuri, alichukuliwa Dar es Salaam kuwa msaidizi wa jikoni katika meli moja ya mizigo ya Waingereza, akaitumikia bahari kwa miaka ishirini na minne, akamenya viazi, akapanda cheo akawa mpishi, akarudi nyumbani moja kwa moja tarehe 2 Machi 1971.

Katikati ya safari hizo alioa. Ndoa yake na Bi Salme, binti wa ukoo wa Kiarabu wa Pangani waliokuwa wakiuza nguo, ilifungwa huko Pangani tarehe 9 Mfungo Saba 1369, sawa na Jumamosi 28 Januari 1950, na hii ndiyo tarehe pekee katika karatasi yangu nzima ambayo kadhi, bibi harusi, mashemeji na kalenda wanaafikiana, basi ifurahieni, haitatokea nyingine. Walijaliwa binti mmoja, Mardhiya, aliyezaliwa 1953, ambaye yuko hapa kutoka Pangani pamoja na mumewe.

Sasa nifike kwenye santuri, kwa maana bila santuri hamtaelewa lolote linalofuata. Mabaharia wenzake walirudi na saa, mablanketi, cherehani na redio, naye alirudi na santuri kubwa za muziki wa rock, wa magitaa ya umeme na ngoma za kupasua masikio, saba kwa hesabu, ya kwanza ikafika naye likizoni tarehe 13 Juni 1967 na ya saba ikafika naye siku ile ile aliyoiaga bahari, 2 Machi 1971. Majina ya bendi hakuyataja kamwe, na sidhani kama aliyajali, aliziita kwa picha ya kwenye jalada. Kulikuwa na Santuri ya Kinyozi, na ya Moshi, na nyinginezo, lakini leo tunahitaji mbili tu. Ile ya kwanza, ya 1967, ni Santuri ya Kuku, kwenye jalada lake kuku mweupe amesimama juu ya meza iliyoandaliwa, vijana wanne wenye nywele ndefu wameshika uma wanamtazama. Ile ya mwisho, ya 1971, ni Santuri ya Baiskeli, baiskeli imetundikwa juu ya mti, basi, hakuna maelezo. Shikeni hizo mbili, Kuku na Baiskeli.

Kila santuri ilikuwa na siku yake, yaani siku iliyoingia nyumba hii, na kila mwaka siku hiyo ilipofika marehemu alioga, akavaa kanzu, akatandika mkeka hapa hapa mlipokaa, akaalika wenzake watano sita, kahawa na kashata zikaja, kisha akasimama akasema santuri hii leo inatimiza miaka mitatu, au mitano, au saba, akaeleza aliinunua bandari gani, hali ya hewa ilikuwaje na alikuwa na deni la nani, halafu akaweka sindano. Sharti lilikuwa moja, upande ukianza hakuna anayesema mpaka uishe. Baada ya upande wa pili ndipo watu walijadili, na yeye akatoa hukumu ya mwaka ule, maana kila mwaka alihukumu upya, wimbo aliousifu 1972 aliubeza 1975, na ule aliouita kelele za mabati miaka mitatu mfululizo ghafla akauita wimbo wa mtu mzima. Alikuwa akisema santuri haibadiliki, kwa hiyo ndiyo inayokuonyesha wewe umefika wapi. Alipomaliza aliandika hukumu ile mgongoni mwa jalada, pamoja na tarehe, kwa mwandiko wake wa Kiarabu.

Mji ulimshangaa, wengine mkasema bahari imemharibu, wengine mkasema anasoma maulidi ya makafiri. Mwaka ule muziki wa kigeni ulipopigwa marufuku redioni, vijana watatu wa chama walikuja na daftari kuandika majina ya waliohudhuria, wakaambiwa sharti la kutosema, wakakaa, na upande wa pili ulipokwisha mmoja wao akauliza kama yule mpiga ngoma bado yuko hai. Daftari lilirudi tupu. Gramafoni yake ya betri iliharibika mara mbili, na mara zote mbili aliipeleka mwenyewe Kerege kwa fundi, ameipakata kama mgonjwa.

Mimi naye ndipo tulipopatana. Mwaka 1972, nikiwa kidato cha tano, nilirudi likizo nikaona ami yangu hana ratiba iliyoandikwa, siku za santuri zake ziko kichwani tu, nikaona huu ni ushamba, we must be systematic. Nikachukua stakabadhi za ushuru wa forodha alizozihifadhi ndani ya kila jalada, nikatoa humo tarehe, nikaenda kuazima taipu ya shule, nikamwandikia karatasi yenye kichwa cha habari Orodha ya Siku za Santuri. Kuku, 13 Juni. Baiskeli, 2 Machi. Na nyingine tano. Alisema ahsante mwanangu, akaitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni, na kila mgeni aliyeingia nyumba hii kwa miaka saba ameiona. Mimi nikarudi shule nikijiona nimeleta maendeleo.

Sasa lile jambo lenyewe, mnalolijua nusu nusu. Mwaka 1974, siku ya Santuri ya Baiskeli, wageni wamekaa, upande wa kwanza uko katikati, adhana ya alasiri ikaanza msikitini. Bi Salme alitoka jikoni, akapita katikati ya wanaume bila kusema neno, akanyanyua sindano. Waliokuwepo wanasema ami yangu aliangalia gramafoni kwanza, ndipo akamwangalia mkewe, akasema, mbele ya watu, "Salme, nimekuacha, talaka moja." Bi Salme akajibu, "Sawa. Sasa nendeni mkasali," akarudi jikoni.

Hakwenda Pangani. Alihamia chumba cha nyuma, akakaa eda yake humo humo ndani kama sheria inavyosema, akapika, akafua, hakumsemesha. Na kwa kuwa wakati ule alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, zile siku za wanawake zimeshamwachia, eda yake ilikuwa miezi mitatu ya mwandamo, na ndani ya miezi hiyo mume akitaka anaweza kumrejea kwa neno tu, ikishapita hana njia ila kuposa upya na kufunga ndoa upya. Hilo kila mtu hapa analijua, sina haja ya kujifanya maalim.

Ikafika siku ya Santuri ya Kuku, mwaka ule ule. Walioalikwa walikuwa wawili tu, Mzee Rehani fundi cherehani, yule pale, na muuza kahawa wa mtaa wetu ambaye ameshatangulia mbele ya haki. Upande wa kwanza ukiwa katikati, ami yangu, mwenye sharti, akanyanyua sindano kwa mkono wake. Akamwita mkewe mpaka mlangoni, akamwambia, "Salme, nimekurejea, na hawa wamesikia." Mzee Rehani anasema Bi Salme alisimama pale na mwiko mkononi, akamwambia, "Haya. Rudisha sindano, umewakatisha watu." Wakaishi hivyo miaka mitano na zaidi, mpaka Jumanne hii.

Ugonjwa wake ulianza mwezi wa Novemba 1978 kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi, akatibiwa katika hospitali ya wilaya, akapelekwa Dar es Salaam mara mbili, Januari na Mei mwaka huu, moyo ukaonekana umechoka, akarudishwa nyumbani na dawa. Bi Salme alimuuguza usiku na mchana, akamwogesha, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko, na zilipofika siku za santuri aliitengeneza gramafoni mwenyewe kando ya kitanda, akaweka sindano, akakaa kimya mpaka upande ukaisha. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 4 Septemba 1979, sawa na 11 Mfungo Mosi 1399, saa nne asubuhi, kichwa chake kikiwa juu ya paja la mkewe, na neno hili mkewe nimeliandika kwa makusudi, nitalieleza.

Siku ile ile ya Jumanne, kabla maiti haijaoshwa, baba yangu alikuja kutoka Fukayosi. Ndugu wawili hawa walipendana, asikudanganyeni mtu, lakini mwaka 1974 baba alikuwa huko Fukayosi shambani, habari za talaka na rejea alizipata kwa midomo ya watu, na zilikuwa zimemkaa rohoni muda wote. Akaingia sebuleni, akasimama mbele ya ile orodha yangu ukutani, akahesabu kwa vidole. Aliachwa siku ya Baiskeli, 2 Machi. Alirejewa siku ya Kuku, 13 Juni. Miezi mitatu na siku kumi na moja. Eda ilikuwa imekwisha, rejea haikuwa rejea, na ndoa mpya hakuna aliyeifunga. Basi, kwa hesabu ile, ndugu yake alikufa kwenye paja la mwanamke wa kando, na yule mwanamke ameishi miaka mitano katika nyumba hii bila ndoa. Baba hakupiga kelele, hana tabia hiyo. Aliniita akaniambia kwenye historia niandike mtalaka, na akawaagiza wanawake kwamba hapana eda ya mjane humu. Ndiyo maana Jumatano mliopita ndani mlimpa pole Mardhiya, mkampita mama yake amekaa pale pale kama kapu la nguo.

Wengi mlifanya hivyo. Siwalaumu sana, mlisoma karatasi yenye fremu. Mnaipenda karatasi ninyi, ikiwa na taipu na mstari mwekundu chini mnaamini hata ingesema bahari iko Miono, huko bara.

Mimi nilikubali kuandika mtalaka. Nalisema hili bila kujipamba. Nilikaa na kalamu nikaliandika, kwa sababu hesabu ni hesabu, na tarehe nilizitoa mwenyewe kwenye stakabadhi, facts are facts. Kilichonisumbua ni Mzee Rehani. Jumatano jioni tulipotoka makaburini alinishika mkono akasema, "Wewe kijana, siku ile ya Kuku mimi nilichelewa kwa sababu nina kanzu za Maulidi kumi na moja hazijatiwa vifungo. Juni kuna Maulidi gani?" Nikamwambia labda amesahau, ni miaka mitano. Akaniangalia kama ananipima shingo, akaenda zake.

Nikalala nayo hiyo. Mwaka 1974 Maulidi yalisomwa mwanzoni mwa Aprili, hilo nalikumbuka kwa kuwa mvua zilituharibia. Sasa siku ya Kuku inakuwaje karibu na Maulidi, ikiwa mimi nimeiandika 13 Juni? Na kama Kuku si 13 Juni, Baiskeli ni lini? Nilihesabu Alhamisi asubuhi nzima, mbele nyuma, kila nikihesabu napata jibu jingine, mpaka nikaanza kushuku kama hata leo ni leo.

Alhamisi adhuhuri nikazishusha zile santuri zote saba kabatini, nikatazama migongo ya majalada, mwandiko umejaa kutoka juu mpaka chini, mwaka kwa mwaka, nami siwezi kusoma hata mstari mmoja. Nikazibeba nimpelekee Mzee Rehani, macho yake mnayajua yalivyo, lakini sikuwa na mwingine kichwani. Nilikuwa napita uani na mzigo wangu Bi Salme akaniuliza naenda wapi na santuri za watu. Nikamwambia natafuta wa kunisomea. Akanyoosha mkono, akalichukua jalada la juu, akaanza kusoma, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma alichoagiza dukani.

Kumbe marehemu hakuifuata orodha yangu hata siku moja. Siku za santuri alizihesabu kama anavyohesabu kila kitu cha heshima maishani mwake, kwa mwandamo wa mwezi, kama tunavyohesabu Maulidi na Idi na hitima. Santuri ya Baiskeli iliingia nyumba hii tarehe 4 Mfungo Nne, na Santuri ya Kuku iliingia 4 Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, na siku zao zikawa hizo kila mwaka, kwa Kizungu ziwe zimeangukia wapi hiyo ni shauri ya Wazungu. Mniwie radhi nieleze mara moja tu. Mwaka wa mwandamo ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, na santuri hizi mbili zilifika miaka tofauti, moja 1967 na nyingine 1971, na katika miaka hiyo minne miezi ilishasogea siku arobaini na nne. Kwa hiyo kwenye stakabadhi za forodha zinaonekana zimeachana miezi mitatu na siku kumi na moja. Kwa mwandamo zimeachana miezi miwili kamili. Miwili. Kanzu za Mzee Rehani zilikuwa sahihi, Maulidi yalikuwa yamebaki siku nane.

Nami nisitegemee hesabu peke yake, nawasomea yaliyoandikwa. Mgongoni mwa Baiskeli, mwaka 1394, mwaka wa talaka: "Mfungo Nne, nne. Leo nimemwacha Salme talaka moja. Adhana ilikuwa imekwisha kuanza." Hakuna hukumu ya wimbo wowote mwaka ule. Mgongoni mwa Kuku, mwaka huo huo: "Mfungo Sita, nne. Leo nimemrejea Salme, miezi miwili. Upande wa pili tumeusikiliza watatu na yeye mlangoni. Si kelele, nilikosea."

Nikamuuliza Bi Salme, kama ulijua yameandikwa, mbona umekaa kimya siku mbili, watu wanakupita, unaitwa jina lisilo lako? Akaniambia, "Hukuniuliza, mwanangu. Mmekaa barazani mnaulizana wanaume kwa wanaume, na ukuta mkauuliza. Mimi hakuna aliyeniuliza." Kisha akanirudishia majalada, akasema nisiyaweke juani.



Nilimpelekea baba majalada yale. Hakusema Bi Salme anaongopa, alisema watu watasema amejisomea mwenyewe. Akaitwa Maalim Nasser, ambaye hakuambiwa tunatafuta nini, akasoma mistari ile ile neno kwa neno, akathibitisha mwandiko. Baba akayageuza majalada yale mikononi, mkitaka kujua muda gani, kahawa ilipoa. Nilidhani atang'ang'ania, nikajiandaa kubishana naye, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshapanga na maneno. Akaniambia, "Orodha ile uliandika wewe, na watu wameisoma. Basi wewe ndiye utakayeifuta, mbele ya hao hao." Asubuhi ya leo, kabla ya sala ya Ijumaa, aliitoa fremu ukutani mwenyewe. Mnaoona alama nyeupe pale sebuleni, ndiyo hiyo.

Kwa hiyo nafuta. Mimi Husseni Mtoro, mwenye shahada ya chuo kikuu, nasema mbele yenu kwamba orodha ile ilikuwa na tarehe za forodha, haikuwa na tarehe za mwenye santuri, na sikumuuliza. Nilimfundisha mtu kuhesabu siku zake mwenyewe. Kama kuna mtu humu ameinakili, aichane.

Marehemu Mikidadi bin Sadallah ameacha kaka mmoja, Mzee Mtoro, ameacha binti mmoja, Mardhiya, wajukuu wanne, na ameacha mjane mmoja, Bi Salme binti Majid, mke wake wa ndoa tangu 1950 bila kukatika.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya na wa Dar es Salaam waliomhangaikia mgonjwa wetu kwa miezi kumi na hawakuchoka na maswali yetu, tunawashukuru majirani wa Dunda mliochimba kaburi, mliochota maji, mliopika na mliolala nje kwa siku tatu, mabaharia wenzake mliokuja kutoka Dar mkiwa na vitabu vyenu vya 1 Januari, wale vijana wa chama ambao leo ni watu wazima wenye vyeo na mmekuja hata hivyo, Mzee Rehani aliyekataa kuambiwa amesahau, Maalim Nasser, na fundi wa Kerege aliyetuma salamu. Tusiowataja msinung'unike, karatasi imekwisha.

Na neno la mwisho kabla sijakaa. Bi Salme ameanza eda yake ya mjane, miezi minne na siku kumi, kwa mwandamo. Tarehe ya kutoka sikuiandika popote, anayeitaka amuulize mwenyewe. Mliompita Jumatano, mlango wa chumba hauna komeo, amekaa kushoto unapoingia, mumpe pole ya mjane, mmoja mmoja, kwa jina lake, na baba yangu amesema atatangulia yeye.

Ami, hesabu yako imekutwa sawa. Tulia ulipo, Mola akulaze mahali pema.